Mtu wa Shati la Drafti

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya katikati ya Aprili 1996, Mwalimu Suud alifunga madirisha ya darasa la Kidato cha Tatu na kuwasha televisheni na deki ya video alizozichukua sebuleni kwa mama yake.

Kanda ilikuwa ya bure. Siku polisi walipouvunja mkutano wa hadhara wa upinzani Bububu, Mmanga, mpiga video wa harusi, alikuwa juu ya paa la nyumba ya jirani, akarekodi tangu mwanzo hadi betri ilipokwisha. Hakutaka malipo. Alichotaka ni kanda itoke nyumbani kwake.

Suud alisomesha uraia kwa vitabu vilivyochapwa kabla ya vyama vingi kurudi. Aliwaambia wanafunzi kwamba leo hakuna kitabu wala mtangazaji. Watatazama jambo lenyewe, kisha kila mmoja aseme alichokiona.

"Alichokiona," alirudia. "Anachokidhania akiache nje."

Hakuwaambia jambo la pili. Mdogo wake, Hisham, alihutubia mkutano ule, na tangu siku ile hakuonekana tena. Suud alikwenda hospitali, akaenda vituo vyote vya polisi. Kila kituo kilisema hakimshikilii. Ofisa mmoja mpole alikuwa akifika nyumbani kumuuliza mama yao kama Hisham ameleta salamu. Huyo ndiye aliyemwambia Suud: "Tupe jina la mtu aliyeondoka naye, mwalimu. Mengine tuachie sisi."

Suud aliamini kwamba kazi hufanyika hivyo. Kanda ilikuwa na uso asioujua, na darasa lilikuwa na watoto wa kila upande, kutoka Bububu hadi Chukwani.

Mwanzoni walitazama kimya. Halafu mazoea yakawashinda. Mjini, kanda ya harusi haitazamwi kimya. Kila sura inayopita hutajwa jina, ubini na nyumba. Mmoja alimtaja Bi Rawiya kwa kanga yake. Mwengine akasema mtazameni Mabrouk, watu wanadai haki, yeye anatafuna njugu. Wakacheka. Suud hakuwazuia.

Moshi wa mabomu ya machozi ulipoingia uwanjani, picha ilitikisika, watu wakakimbia. Kamera ilimkuta Hisham nyuma ya jukwaa. Mtu mwenye shati la drafti alimshika ukosi, akamwinamisha kichwa, akamsukuma nyuma ya pikapu na kumtupia turubali. Pikapu ikaondoka.

Suud alirudisha kanda nyuma na kusimamisha picha. Uso wa yule mtu ulibaki kwenye kioo, ukitetemeka.

"Mmeona nini?"

"Mtu kakamatwa," alisema Jecha, aliyekaa mbele.

Mwalimu hakumsahihisha. "Na aliyemkamata?"

Zuleikha alijibu kabla hajafikiri, kama ambavyo angejibu akitazama harusi. "Si Bwana Simai huyo, fundi bomba wa Chukwani? Babake Shemsa."

Darasa zima liligeuka. Shemsa alikuwa akitazama dawati lake.

Kengele ilipolia alibaki. Alingoja wenzake watoke wote, akamfuata mwalimu aliyekuwa akikunja waya wa televisheni.

"Mwalimu, njoo kwetu leo. Wewe peke yako."

"Nije kufanya nini?"

"Njoo tu. Siwezi kusema, nimeapishwa msahafu."

"Kakuapisha nani?"

"Baba."

Suud alimwambia kwamba katika nchi yenye sheria mtuhumiwa haulizwi barazani kwake. Huulizwa na wanaohusika, mbele ya mashahidi. Alisema bila hasira. Shemsa alimshika mkono wa shati, jambo ambalo hakupata kulifanya kwa mwalimu yeyote.

"Basi usende kwao, mwalimu. Nakuomba. Ngoja mpaka kesho."

Suud aliutoa mkono wake polepole. Alimhurumia. Baba ni baba.

Mchana alikuwa mbele ya yule ofisa mpole, na kanda mkononi. Ofisa alikitazama kile kipande mara mbili, akauliza jina, akauliza nyumba. Alimshukuru. Suud aliomba awepo wakati mtu huyo akihojiwa, kwa kuwa Hisham ni ndugu yake wa damu. Ofisa alifikiri kidogo, akamwambia apande gari.

Kule Chukwani, Bi Sichana, mke wa fundi, alikuwa barazani akipepeta mchele. Alipomuona Suud akishuka pamoja na askari aliuweka ungo chini.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema Suud.

Hakuitikia. "Na wewe umo?" aliuliza.

Bwana Simai alitolewa kwanza, kwa kikoi na fulana. Suud alimsogelea na kumuuliza mdogo wake yuko wapi. Fundi alimtazama usoni kwa muda, akamtazama ofisa, akafumba macho. Ofisa hakungoja jibu. Askari walikuwa wamesharudi ndani, na mbao za dari zilisikika zikivunjwa.

Wa pili kutolewa alikuwa Hisham, mzima, ndevu zimemwota. Pingu walimtia yeye. Alipomuona kaka yake kando ya gari alimuuliza nani kawaleta. Gari iliondoka kabla hajajibiwa.