Vazi la Korongo

Bi Tekla, mshonaji wa kundi la baleti, alijaribu tena kumfunga mchezaji Lusina vazi la korongo. Hariri ilikataa kukutana mgongoni, pengo la vidole vitatu vizima.

"Bana tumbo, mwanangu."

"Nimelibana, mama," Lusina akanong'ona, na machozi yakamlengalenga.

Bi Tekla akaligusa tumbo lile gumu, akatupa jicho mlangoni. Mwaka jana mchezaji mwingine alifukuzwa siku ileile mimba yake ilipojulikana, na nguo zake zikatupwa barabarani.

Mara akaingia Bwana Fabiani, mbunifu wa mavazi. "Korongo wangu kanenepa?" alicheka. Kisha akaacha kucheka, akanyoosha mkono achukue utepe wa kupimia.

"Kosa langu, bwana," Bi Tekla akawahi. "Nimekata kitambaa kikawa kidogo. Macho haya hayaoni tena namba."

"Hariri yenyewe ndiyo ya mwisho! Miaka ishirini hujawahi kukosea."

"Leo nimekosea."

Fabiani akaurudisha mkono. "Basi weka mkasi mezani, uende zako. Nitatafuta mwenye macho."

Lusina akafungua mdomo. Bi Tekla akamkanyaga mguu, akaweka mkasi, akatoka.

Alipofika katikati ya ngazi ndipo wazo lilipomjia: mshonaji mpya naye atampima Lusina. Akasimama, akashika ukuta.

Mlango wa juu ukafunguka. Lusina alikuwa akishuka peku, polepole, manyoya meupe ya vazi yakiburura kwenye vumbi, mgongo wake wazi. "Nimemwambia mwenyewe, mama," akasema.