Namba ya Joram

"Nitakutajia sasa, dada," sauti ya Joram ilipanda kwenye bomba la hewa. "Nisije nikafa nayo."

"Usithubutu," Nyangi akamjibu, mdomo ukikaribia kugusa plastiki. "Utanitajia ukiwa huku juu."

Wachimbaji waliokuwa wakitoa kifusi walitazamana. Duara, shimo la wachimbaji, lilikuwa limemfukia Joram tangu asubuhi, hapo Nyangoto ambako siku hizo kila mwenye sururu alikuwa akiifukuzia dhahabu, na dada mtu alikuwa anabishana naye kuhusu namba. Kila wakitaka kuongea ilibidi feni izimwe ili wasikilizane, na feni hiyo ya bluu, ambayo Nyangi alikuja nayo mbio bila viatu, ndiyo iliyokuwa ikimsukumia Joram hewa kupitia bomba hilo, kwa umeme wa jenereta ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Mzee Wangwe, mwenye duara, alisema wazi kwamba elimu imemharibu binti huyu.

Nyangi alisomea fizikia. Alikuwa akitafuta uzito wa chembe moja, ndogo kuliko atomu, yenye kwaki mbili nzito, vijichembe vidogo zaidi, ndani yake, na kompyuta ilikuwa imempigia hesabu hiyo chumbani kwake mwaka mzima bila kupumzika, usiku na mchana inatokota. Ilinunuliwa kwa dhahabu ya Joram. Sasa, kazi ya wanafizikia ina desturi: ili usijidanganye kwa kulipenda jibu fulani, mwenzako anaingiza namba ya siri inayopotosha majibu yote, na hakutajii mpaka hesabu ziishe. Wengine huwapa kazi hiyo maprofesa wao. Nyangi alimpa mdogo wake, asiyejua kwaki ni mdudu gani, lakini ukimwambia anyamaze ananyamaza.

Bila namba hiyo mwaka mzima ungekuwa takataka. Joram alilijua hilo, na huko chini lilimtesa kuliko kiu.

Feni ikawashwa tena. Agustina, jirani yao, alifika akihema, akamnong'oneza Nyangi sikioni.

"Mama yuko wapi?" Nyangi akauliza.

"Yuko kwangu."

"Basi sawa." Akarudi kwenye bomba.

Jua lilipoanza kushuka, sauti ya Joram ilikuwa imelegea. Nyangi akaomba feni izimwe. Wangwe akakataa, akamwambia anammalizia mtoto hewa kwa ajili ya hesabu zake. Nyangi akaizima mwenyewe.

"Dada, nimechoka. Ngoja niiseme, nilale."

"Ukiisema nitaziba masikio. Mashine imekaribia kumaliza, Joram. Umebaki wewe tu. Nani atanitajia kama umelala?"

Akabana sikio kwenye bomba. Kisha, kwa mbali: "Haya. Nangoja."

Nyangi aliwasha feni, akaanguka kando yake akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwonea huruma.

Walimfikia kabla giza halijaingia. Wakampandisha kwa kamba, uso wote tope, wakamlaza chini. Alipofumbua macho, yakatua kwenye feni ya bluu, ile aliyoifunga yeye mwenyewe kwa waya nyuma ya kompyuta ya dada yake ili isije ikaungua. Akageuza shingo polepole kuelekea nyumbani kwao. Moshi ulikuwa bado unapanda kutoka kilipokuwa chumba cha kompyuta.

"Haya," Nyangi akasema, akimwinamishia sikio. "Sasa nitajie."