Ua Uliolalia Mlangoni

Bi Mize aliwaalika majirani waje kuuona ua wake mpya uliotandikwa mawe, na fundi Shaame aliyeyapanga akakalishwa ukumbini, mahali pa heshima. Kila aliyevua viatu mlangoni aliusifu ua: mawe yameshikana kama yamezaliwa pamoja.

Kisha mvua ikanyesha, wala haikuwa kubwa. Maji yalijikusanya juu ya mawe, na badala ya kwenda mtaroni yakaja nyumbani. Kandambili moja ikaelea, ikavuka kizingiti. Wageni wakamgeukia fundi.

Siku ile ya kupanga mawe, Bi Mize alikuwa amemuuliza Shaame, "Fundi, mbona ua umelalia mlangoni?" Naye akacheka mbele ya vibarua: "Bibi, wewe tazama chungu chako. Maji niachie mimi."

Sasa Bi Mize aliinama, akaziba kizingiti kwa kanga kuukuu. "Mvua ya leo kubwa mno," aliwaambia wageni.

Afadhali angemtukana. Shaame alitoka peku, akachukua ufagio wa chelewa, akaanza kuyafagia maji kuelekea mtaroni. Yalikwenda kidogo, yakageuka, yakamrudia miguuni.