Asili ya Taharuki

"Mwalimu, hilo neno limetoka wapi?"

Wilhelmina alikuwa ameandika TAHARUKI ubaoni, mbele ya Kidato cha Tatu cha shule moja ya Kirumba. Mama yake, mzee aliyepoteza kumbukumbu, alikuwa ametoka nyumbani siku nne zilizopita, na mara ya mwisho watu walimwona akipanda kivuko cha kwenda Kamanga. Mdogo wake wa kiume alikuwa huko ng'ambo ya ziwa akimtafuta. Yeye alikuja kazini kwa sababu nyumbani hakukaliki.

"Kiarabu," alijibu. "Asili yake ni kusogea, kutikisika. Yaani moyo hautulii mpaka mtu ajue mwisho wa kisa."

Alijisikiliza. Ndani yake hakukuwa na kitu kinachotikisika. Siku ya kwanza alilia, ya pili akatetemeka. Sasa aliona tu vumbi la chaki lilivyojaa kwenye mistari ya kiganja chake, akakitazama kama kiganja cha mtu mwingine.

Simu ikaita mezani. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, tumempata mama."

Kwenye simu zilisikika sauti za maji, na watu waliozungumza polepole.

"Dada? Uko na nani hapo?"

"Niko na wanafunzi arobaini na wawili."

"Basi kaa chini kwanza."

Wilhelmina hakukaa. Alichukua kipande kingine cha chaki.

"Ngoja," alimwambia. "Nimalize kipindi."