Kifungo cha Mlimani

Frida alilipiga teke dumu, maji yakamwagika yote kwenye vumbi.

"Nilikwambia usiguse chemchemi yetu."

"Ni ya mtoni haya, Mama Happy," Desderius alisema. "Nimetoka huko sasa hivi."

"Basi rudi ukachote mengine."

Desderius aliliokota dumu, akalifunga kwenye baiskeli karibu na lenzake, akaanza kuteremka. Mtoni ni saa nzima kwenda na kurudi, na jua la Agosti pale Nyantakara linachoma hadi kwenye utosi. Wanakikundi wengine wa kupanda miti waliinamia majembe yao. Hakuna aliyemtetea.

Nani angemtetea? Miaka miwili nyuma, mwezi kama huu, Desderius alitia moto nyasi kavu ili ng'ombe wake wapate majani mabichi. Upepo ukageuka. Kufika jioni mlima ulikuwa mweusi wote, na miti ambayo kikundi cha Frida kilikuwa kimeipanda na kuilea kwa miaka minne imebaki vijiti. Mvua za Novemba zilipofika hazikukuta kitu cha kuzizuia. Tope likashuka, likafukia mashamba ya maharage, likaliangusha jiko la Domisiana, mama yake Frida, naye yumo ndani. Walimfukua akiwa hai. Tangu siku hiyo hajasimama tena.

Hakimu alihukumu moto peke yake. Tope, alisema, lililetwa na mvua. Akampa Desderius kifungo cha nje cha mwaka mmoja: apande na kumwagilia miti kwenye mlima alioteketeza, chini ya usimamizi wa mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti ni Frida.

"Mwaka!" alimwambia Agripina, katibu wake, walipotoka mahakamani. "Mama yangu kafungwa kitandani maisha yake yote, na huyu mwaka!"

Basi akaamua mwaka huo autie shubiri. Alimpangia sehemu ya juu kabisa, yenye mawe, ambako jembe linalia. Mche ukiinama kidogo aliung'oa, akamwamuru achimbe shimo upya. Wengine wakila viazi pamoja, Desderius alikula vyake peke yake, amewapa mgongo. Kila alipotukanwa alijibu, "Ndiyo, Mama Happy," na jibu hilo ndilo lililomchoma Frida kuliko ambavyo tusi lingemchoma.

Tena kila asubuhi alipopita nyumbani kwa kina Frida alisimama dirishani. "Shikamoo, mama." Domisiana aligeukia ukutani. Miezi ikapita hivyo. Halafu siku moja Frida, akiwa anafagia uwanja, akamsikia mama yake akisema taratibu, "Marahaba."

Alitupa ufagio, akaingia ndani. "Mama! Unamwitikia huyo?"

"Salamu hanyimwi mtu, mwanangu."

"Mimi namnyima."

Februari, mwaka ulipotimia, barua ililetwa na bodaboda. Frida aliisoma akiwa amesimama jikoni. Mhukumiwa amemaliza adhabu yake, aachiwe kuanzia leo. Aliinua macho, akamwona mama yake akijikokota kwa viwiko kuelekea mlangoni, kwenye jua. Akaikunja ile barua, akaisukumiza mekoni, chini ya sufuria ya uji.

Kesho yake Desderius alifika mlimani alfajiri kama kawaida. Hakuuliza kitu. Zamani kila jioni alimfuata Frida na daftari la mahudhurio ili amtilie sahihi. Sasa hata hilo daftari hakulitaja. Frida alicheka moyoni. Mjinga huyu hata miezi hajui kuihesabu! Masika yakapita, kiangazi kikaingia, miche ikaanza kudai maji kila siku, naye akazidi kumkaba.

"Hivi mwaka wake haujaisha kweli?" Agripina aliuliza siku moja. "Alianza kabla ya Kwaresima ile ya mwaka jana."

"Mimi hakimu hajaniletea neno. Au umeanza kumwonea huruma?"

Agripina akarudi kwenye jembe lake.

Siku ile ya dumu, Desderius akiwa bado mtoni, pikipiki ilipanda mlima. Aliyeshuka ni Venance, afisa anayesimamia vifungo vya nje wilayani. Frida aliikumbuka ile barua. Kumtumikisha mtu huru kama mfungwa, miezi sita! Kwa kosa hilo angefungwa yeye, tena ndani hasa. Na mama atainuliwa na nani?

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Nimekuja kuona miti. Kule ofisini tunasikia imeshika vizuri."

"Imeshika, imeshika. Njoo uone huku chini." Akamshika mkono, akamvuta upande wa mbali na njia, akiongea bila kupumua: misambya ile, mikuyu ile, ile inayofuata ni ya mwezi wa nne.

Lakini Venance aligeuka. Njiani Desderius alikuwa anaisukuma baiskeli kupanda mlima, madumu mawili yamejaa, shati limelowa na kumganda mgongoni. Venance alikinga macho kwa kiganja.

"Yule si Desderius?"

"Ndiye," Frida alisema. "Anamalizia... kuna siku alizokosa. Alikuwa anatoroka sana, yule. Nikaona azifidie kwanza."

Venance alimtazama kama asiyeelewa.

"Siku zipi tena, mama? Februari, siku ileile niliyokutumia barua yako, na yeye nilimpa yake mkononi. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi mbele yangu. Mimi hapa nilidhani mmemwajiri."