Swali la Kumi na Nne

Sanduku la bati la Demetria lilikuwa limekwisha fungwa kamba na kutolewa barazani, kabla mwenyewe hajaulizwa swali hata moja.

"Matroni ndiye kalifunga," alinong'ona msichana wa kitanda cha jirani. "Masikini, umefanya nini?"

Demetria alilipita sanduku lake akaingia darasani, ambako wenzake wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekaa wakimtazama.

Ilikuwa siku ya kugawanywa makundi ya hesabu. Chuo hiki cha ualimu cha wasichana, pembeni mwa Temeke, kiliwapima wageni wake kwa mtihani mmoja wa maswali ishirini. Kundi la kwanza lingesoma aljebra, na wahitimu wake wangefundisha madarasa ya juu. Kundi la tatu lingerudia sehemu na desimali kama watoto. Aliyeiba majibu hakuwa na kundi. Huyo alirudishwa kwao.

Kwao Demetria kulikuwa Bukoba, safari ya treni hadi Mwanza na kisha meli ya ziwani. Siku aliyoondoka, padri alitaja jina lake kanisani na watu wakapiga vigelegele.

Mwalimu Ansbert alisimama mbele na karatasi mbili mkononi.

"Filomena, ishirini kwa ishirini."

Filomena, binti yake wa kumzaa, aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Demetria, kumi na tisa. Anayefuata ana kumi na mbili." Alimgeukia Demetria. "Karatasi yako haina hata mstari mmoja wa kukokotoa. Majibu matupu. Kwa nini?"

"Nilikokotoa kichwani, Mwalimu."

"Kumbe kwao hesabu huziota!" sauti ilisema nyuma, na darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Majibu ya mtihani niliyaandika Ijumaa nyumbani kwangu, nikayaweka ndani ya Biblia. Mie hukunja karatasi mara mbili. Jumapili niliikuta imekunjwa mara tatu. Nani alifika kwangu Jumamosi?"

Macho yote yalimwendea Demetria. Filomena alinyanyuka taratibu.

"Baba... samahani, Mwalimu. Sikutaka kusema. Demetria alikuja na senene zake, wale panzi wa kukaanga wa kwao. Nilimwacha sebuleni peke yake nilipokwenda kuchemsha chai."

"Ni kweli, Demetria?"

"Ni kweli. Padri wa kwetu alinipa nikuletee. Nilikaa kwenye mkeka, Mwalimu. Sikugusa kitu."

"Senene nimezila," alisema Mwalimu. Alikuwa ameiinamia karatasi ya binti yake, akiitazama kwa muda mrefu. Wasichana walikonyezana. Nani asingejivunia mtoto kama huyo?

Kisha akaandika ubaoni swali la kumi na nne: ua ulionyooka, urefu wake futi 360. Nguzo husimikwa kila baada ya futi 10, na kila mwisho wa ua una nguzo. Zinahitajika nguzo ngapi?

"Karibu darasa zima mmeandika thelathini na sita," alisema. "Wawili tu hawakuandika hivyo. Demetria, njoo utuonyeshe."

Kwenye karatasi yake, mkononi mwa Mwalimu, alikuwa ameona alama nyekundu ya kosa mbele ya swali hilohilo. Alifika ubaoni, akainua mkono, akatanua vidole.

"Vidole vitano," alisema. "Nafasi kati yake ni nne. Baba yangu hujenga nyua, mie humshikia nguzo. Ukianza na nguzo, lazima umalize na nguzo." Alichukua chaki, akaandika 37.

"Anahesabia vidole!" mmoja aliguna.

"Na bado kakosa," alisema Filomena kwa upole. "Mwalimu, mwizi mjanja haibi vyote. Hukosea moja makusudi, asishukiwe."

Dirishani Demetria alimwona matroni amesimama kando ya sanduku, mkono mmoja kiunoni, akingoja.

"Kwenu mlisomaje hata mkazoea kukokotoa kichwani?" Mwalimu aliuliza.

"Kibao kilikuwa kimoja kwa watoto watano. Zamu yako ikipita, unakokotoa kichwani."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu asiyeshawishika. "Filomena. Hebu lisome jibu lako, wenzako wasikie."

"Sabini na tatu."

Minong'ono ikazuka, ikazimika.

"Umelipataje?"

Filomena aliutazama ubao. "Ua... una pande mbili, Mwalimu. Thelathini na sita upande huu, thelathini na sita upande ule. Na... moja ya lango."

Mtu alianza kucheka, akajizuia.

Mwalimu Ansbert alitoa karatasi ya majibu mfukoni, akaikunjua, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Mbele ya swali la kumi na nne, kwa mwandiko wake mwenyewe, paliandikwa 73. Aliitazama namba ile, akaitazama 37 ya Demetria ubaoni.

"Matroni," aliita dirishani, "fungua hiyo kamba."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Kosa hili nililifanya mie peke yangu, Ijumaa, nyumbani. Wewe, mwanangu, umelipata wapi?"