Uso Uliobaki

Katika karakana ya picha takatifu, wengine walichora mavazi. Uso ulichorwa mwisho, na Yefim peke yake.

"Fanya haraka, jeshi linakuja kuichukua picha hii," baba yake alisema. "Wanaitaka kubariki vijana wanaokwenda vitani."

"Hata mimi nilibarikiwa hivyo, baba. Tulikwenda mia mbili, tukarudi tisa."

Yefim alichovya brashi kwenye rangi nyeusi. Pale penye uso wa mtakatifu akachora kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu vitani: macho mawili ya vioo na kopo puani. Alikandamiza hadi nywele za brashi zikakatika.

Baba yake alifoka, "Mwehu wewe! Ndiyo mnayofundishana na wale wachoraji wahuni wa Moscow? Watatufungia karakana!"

Mlango ukagongwa. Yefim akaibeba picha, rangi bado mbichi, akaenda kufungua mwenyewe.